Simu Inayoona Mikono

Baba yake Gwantwa alizikwa Ibaba siku ya Jumatano, na Gwantwa alifika Alhamisi. Alikuta udongo umeshashindiliwa kwa majembe, maua yaliyowekwa juu yake yameanza kunyauka, na wanawake wako mtoni wanasugua masufuria ya msibani. Mama yake, Tulinagwe, alipomwona anapanda kilima na mfuko wake, aliinuka mkekani, akajipiga kifuani kwa ngumi, kisha akafungua viganja vyote viwili, vitupu. Hiyo ilikuwa lugha yao wawili. Waliitunga wenyewe tangu Gwantwa alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la tatu, akapona, lakini masikio hayakupona pamoja naye.

Wengine pale nyumbani hawakuwa na lugha hiyo. Kaka yake Watson, msimamizi wa vibarua wanaopakua malori kule Tunduma, alisimama mbele yake huku anatazama viatu vyake mwenyewe.

"Inua uso," Gwantwa akamwambia. "Nikiona midomo ndipo nasikia."

Watson akainua uso. "Walinipigia simu, nikakimbilia gari. Nilimwachia mama mwenye nyumba wako ujumbe."

"Mama mwenye nyumba ameniambia jana jioni. Mimi na wewe tunakaa mtaa mmoja, Watson. Umepita mlangoni kwangu ukaenda kumzika baba."

"Ningekuambiaje jambo zito kama lile?"

"Kwa mdomo huo huo unaoniulizia."

Aliyasema hayo kwa sauti yake ya siku zote, sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde, maana hakuwa na namna ya kuipima. Waombolezaji waligeuka. Shangazi mmoja aliweka kidole mdomoni. Gwantwa alikiona kidole kile, wala hakushusha sauti. Aliuliza mbele ya wote kwa nini hakutafutwa kwa simu, wakati anayo. Wakamjibu kwamba wakimpigia hupokea, husema "Andikeni, siwezi kusikia", kisha wao hukata. Ibaba watu wanapiga simu, hawaandiki. Na wengi wao kuandika kwenyewe hawakujua.

Alikaa na mama yake mpaka msiba ulipoanuliwa. Alipoteremka kilima kurudi Tunduma alikuwa ameshaamua jambo moja: habari zake hazitabebwa tena kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Tunduma alikuwa fundi cherehani. Kibaraza chake alikishiriki na Faudhia, mwanamke wa makamo aliyeuza vitenge, hodari wa maneno na mwepesi wa kucheka. Simu ya Gwantwa ilikuwa kitochi kile cha vitufe, alichopewa na Watson. Kilimtosha kwa wateja wanaojua kuandika. Lakini rafiki yake wa kufa na kuzikana, Ferista, waliyesoma pamoja shule ya viziwi, alikuwa ameolewa Dodoma, na Ferista alizaliwa kiziwi. Maandishi kwake yalikuwa kama lugha ya kigeni tu. Ukimwandikia mistari miwili, anakujibu neno moja, na hilo moja limepinda. Ila mpe nafasi ya mikono! Ferista akisimulia kwa mikono, hata mbwa anayepita utamwona na mkia wake. Tangu baba afe, Gwantwa alikuwa amemtumia maneno "baba kufa", naye akajibiwa "pole". Basi. Huzuni yote ile ikaishia kwenye herufi nne.

Ilikuwa mwaka 2014, na simu za kupangusa zilikuwa zimeujaza mji. Vijana walizitembeza mkononi kama vioo. Gwantwa alikuwa ameona kwamba zina kamera mbele, upande ule ule wa uso. Akajiambia: simu inayoniona mikono ndiyo yangu.

Alikwenda na Faudhia kwenye duka la Brayson, karibu na stendi. Kabla hajafungua mdomo, Brayson alishamsogezea kitochi.

"Nataka ya kupangusa," Gwantwa akasema.

Brayson akamgeukia Faudhia. "Ni ya nani?"

"Niko hapa nimesimama," Gwantwa akasema. "Niulize mimi. Na ukiongea nitazame."

Brayson akatoa simu pana, nyeupe, inameremeta kama yai. Kwa mazoea tu akafungulia muziki, akapandisha sauti mpaka mwisho. "Cheki spika hiyo, dada! Ukifungulia hapa, Zambia kule Nakonde wanacheza!"

Faudhia akaangua kicheko hadi akashika kabati. Brayson akatambua alichofanya, akabaki kakodoa macho. Gwantwa aliweka kiganja mgongoni mwa simu. "Inanguruma kama paka," alisema. "Zima muziki. Nionyeshe mtetemo wake."

Akaitia laini yake, akaisokomeza kwenye pindo la kitenge kiunoni, akamwomba Faudhia aipigie. Akasubiri. Akamtazama Faudhia usoni.

"Umepiga?"

"Inaita, shoga yangu! Inaita kweli!"

"Kwako inaita. Kwangu imekufa."

Kisha akaiegemeza simu kwenye kikokotoo cha Brayson, akaiwasha kamera ya mbele, akasema maneno machache kwa mikono. Akajitazama. Uso wake ulikuwa safi, hereni zinaonekana, lakini kila mikono ilipokwenda mbio, vidole viliyeyuka vikawa moshi. Akamwonyesha Brayson.

"Hapa nimesema baba yangu amefariki. Tazama ilivyotoka. Kiziwi mwenzangu akiona hivi atadhani nafukuza nzi."

"Lakini hii simu ni ya picha, dada. Si ya hayo mambo yako."

"Hayo mambo yangu yanaitwa lugha. Lete nyingine."

Akaletewa nyingine, na nyingine. Moja picha zake zilikwama kila baada ya kitambo, mkono unapanda, unagoma hewani, unatokea umeshashuka. Nyingine alitaka kuitoa juani aone kama kioo chake kitasomeka, maana kibaraza chake kilipigwa jua mchana kutwa. Hapo Brayson alichoka.

"Hapa si maonyesho! Simu haijaribiwi kama kiatu!"

"Mimi nashona," Gwantwa akamjibu. "Mteja wangu huvaa gauni, akainama, akakaa, akainua mikono. Likimbana nalifumua. Wewe unataka ninunue gauni likiwa ndani ya boksi?"

Watu wawili watatu walikuwa wameshasimama mlangoni kutazama. Brayson, aliyefahamiana na Watson, akampigia aje kumchukua dada yake. Watson akafika anahema, akazungumza na Brayson juu ya kichwa cha Gwantwa, kama watu wanaozungumza juu ya ukuta. Gwantwa aliusoma mdomo wa Brayson kwenye kioo cha kabati, akageuka.

"Watson, leo ninanunua mimi."

"Unatuaibisha. Punguza sauti basi."

"Sauti yangu mimi siisikii. Anayekereka na azibe masikio. Yangu yamezibwa tangu utotoni na sijamlalamikia mtu."

Alitoka dukani mikono mitupu, kichwa juu. Hakununua siku ile, wala wiki ile. Alizunguka mji mzima. Alivuka hata upande wa Zambia, ambako akina mama wa madukani walimpungia mikono wakimwambia "Mwaiseni, mama", naye aliisoma midomo yao, akajua anakaribishwa. Katika kila duka alifanya yale yale: pindo la kitenge, mikono mbele ya kamera, kioo juani. Aliandika jina lake kwa ncha za vidole vyake vilivyokuwa vigumu kwa sindano na mkasi. Simu nyingine hazikuvitambua vidole hivyo kabisa, ikabidi avilowanishe kwa ulimi. Moja ilijibadilishia maandishi yenyewe: aliandika Gwantwa, ikamrekebisha kwa neno la Kizungu asilolijua. Akamrudishia muuzaji. "Simu isiyotaka jina langu, mimi naitakia nini?"

Nakonde aliikuta moja iliyokuwa na kila kitu, hata kidole kidogo kilionekana kikijikunja. Lakini kuinunua ingebidi auze cherehani, na cherehani ndicho kilichokuwa kinamlisha. Aliishika muda mrefu, akairudisha.

Mjini wakamtungia jina: Mama Hapana. Vijana wa maduka ya simu wakimwona anakuja walipigana viwiko. Faudhia alipomweleza wanavyomwita, akidhani atakasirika, Gwantwa alicheka. "Jina zuri. Wengi hapa wanaitwa Ndiyo Bosi."

Siku moja Brayson mwenyewe akaja kibarazani na boksi kwapani. Alisimama mahali pa mwanga, akamtazama usoni, akasema polepole bila kupayuka:

"Mzigo mpya umefika. Nimejirekodi mwenyewe napunga mikono. Nadhani hii inaona. Ijaribu."

Gwantwa aliacha cherehani, akaijaribu hadi chai ikapoa. Kioo chake hakikuwa kikubwa. Juani kilisomeka ukikikinga kwa kiganja. Mtetemo wake ulimshtua mpaka akaruka, na Faudhia akacheka tena. Mikono kwenye kamera haikuwa safi kama ile ya Nakonde, lakini ilisomeka. Herufi kwa herufi, kidole kwa kidole. Aligundua pia kwamba baada ya muda inapata moto mgongoni, na chaji inashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Ina homa," akamwambia Brayson. "Na ina njaa."

"Hilo sikatai."

"Kila anayeuliza umwambie hivyo hivyo, usimfiche. Naichukua."

Jioni ile ile, kabla jua halijatua, alijirekodi akiwa ameketi mbele ya lundo la vitambaa. Alimsimulia Ferista yote: jinsi baba alivyokuwa akimngoja getini siku za kurudi kutoka shule, jinsi alivyomkuta amekwisha kufukiwa, jinsi Watson alivyopita mlangoni. Video ilikatika katika vipande, akavituma kimoja kimoja kwa kadiri mtandao ulivyokubali. Ferista alikuwa na simu ya mumewe. Jibu lake la kwanza lilionyesha paji la uso tu, maana aliishika karibu mno. La pili likaonyesha mikono. Ferista hakuandika "pole". Aliuliza baba alikuwa amevaa nini. Aliuliza nani aliyemfunga mama kitambaa cha ujane. Aliwatukana watu wa Ibaba kwa alama moja waliyoitunga bwenini, ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuijua maana yake. Gwantwa akalia na kucheka kwa pamoja, na Faudhia, asiyejua linalosemwa, akafunga biashara yake mapema akaketi kando yake.

Isidhaniwe kwamba simu ile haikumwaibisha. Aliitegemea kumwamsha kwa mtetemo chini ya mto, naye alikuwa ameahidi kupeleka sare za kwaya Mbozi Mission asubuhi ya ibada kubwa. Nyumba yake ilikuwa karibu sana na mpaka. Simu ikadaka mnara wa Zambia, ikajirudisha nyuma saa nzima kwa saa za huko, ikamwamsha wakati kondoo wa Bwana wameshaingia kundini. Alifika wanakwaya wanaimba na sare zao za zamani, na mwalimu wa kwaya akamtazama kwa jicho ambalo halikuhitaji kusomwa midomo. Aliomba radhi, akashona kola za watoto bure, na tangu siku hiyo saa akaiweka kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kila aliyemuuliza habari za simu alilitaja na hilo.

Ukafika wakati wa ukoo kukutana Ibaba. Baba mdogo Lusubilo, mkubwa wa nyumba baada ya marehemu, aliita kikao. Gwantwa alijua vikao vile. Hukaa pembeni akitazama midomo ya watu kumi inayorukiana, asidake hata robo, na akiuliza huambiwa, "Tutakuambia baadaye." Baadaye ikija huwa sentensi moja, nayo imeshaamuliwa.

Safari hii aliingia, akaweka simu katikati ya meza.

"Atakayesema aandike hapa, au aandikiwe. Sitaki baadaye."

Midomo ikaanza kwenda huku na huko. Lusubilo, ili jambo liishe, akaichukua simu. Kidole gumba chake kilikuwa kimekomazwa na jembe la miaka yote. Alibonyeza, herufi haikutoka. Akabonyeza tena kwa nguvu, kama anayeua chawa. Simu ikafungua kamera, ikamwonyesha matundu ya pua yake. Watoto mlangoni wakacheka, yeye hakucheka. Akamsukumia Tukuswiga, mke wa Watson.

"Andika wewe uliyesoma!"

Tukuswiga akamtazama mumewe, akainama, akaandika. Kisha akamgeuzia wifi yake kioo. Gwantwa akasoma: *Wameamua wewe urudi huku umtunze mama. Watson ana kazi na familia. Wewe huna mume, na mjini unapata shida.* Chini yake Tukuswiga alikuwa ameongeza maneno ambayo hakuna aliyemtuma: *Mimi sikuulizwa.*

Gwantwa akasimama.

"Nani ameamua?"

Tukuswiga akaandika jibu la mzee: *Ukoo.*

"Na mimi ni wa ukoo gani?" Sauti yake ilijaza chumba. "Siku ya kumzika baba mlinisahau. Leo kuna mzigo wa kubeba, mmenikumbuka! Nina kazi. Nina wateja. Ninalipa kodi ya chumba changu, simdai wala simwombi mtu. Shida ninayoipata mjini nani amewaambia? Mmeniuliza lini?"

Lusubilo alisema mambo mengi, mengine kwa Kindali, lugha ya nyumbani, huku ameinua fimbo yake. Tukuswiga aliandika yote bila kupunguza, hata matusi. Gwantwa akayasoma yote hadi mwisho. Kisha akaenda jikoni alikokuwa mama yake, maana hata mama hakuwa ameitwa. Kwa ile lugha yao akamwigiza baba mdogo na fimbo yake, akajionyesha mwenyewe, akaonyesha mafiga, akaikutanisha mikono kama iliyofungwa kamba. Tulinagwe akatazama. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia kikaoni. Gwantwa akamfuata, akasoma kwenye kioo kila neno ambalo Tukuswiga aliliandika:

*Mama anasema: bado nalima shamba langu. Anasema: hajafa mtu hapa zaidi ya mume wangu. Anasema: nikitaka kutunzwa nitasema mwenyewe, na nitawaambia watoto wangu wote, si mmoja.*

Hayakuisha kwa nderemo. Lusubilo aliondoka bila kula, na msimu mzima wa mahindi hakumsalimia Gwantwa. Baadhi ya mashangazi walisema mjini kumemharibu mtoto, wengine wakasema simu ndiyo iliyomharibu. Lakini lilikubaliwa kwamba Watson na Gwantwa watakwenda kwa zamu, wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, na kwamba habari yoyote ya nyumbani Tukuswiga ataiandika kwa wote wawili, saa ile ile.

Wakati wa kurudi, Gwantwa na Watson waliketi Isongole wakingoja gari. Watson akamgusa bega, akasubiri ageuke.

"Nifundishe alama moja. Baba mnasemaje?"

Gwantwa akamkazia macho. "Anza na samahani," alisema. Akamwonyesha. Watson akakosea, Gwantwa akamrudishia mkono mahali pake. Akakosea tena. Walipopata gari alikuwa amekwisha kuiweza.

Mwaka uliofuata Ferista aliwasimulia wenzake wa Dodoma jinsi Gwantwa anavyopima simu, nao wakawasimulia wa Mbeya na Sumbawanga, na viziwi waliokuwa hawajawahi kumwona Gwantwa wakaanza kumtumia video: nimeoneshwa hii, ninunue? Naye huwajibu kwa mikono, bila haya wala upendeleo. Hii inaona. Hii kipofu. Hii ina njaa, nunua kama una umeme. Brayson alikuwa akimletea mizigo yake mipya kabla hajaipanga kabatini, na mara nyingi aliondoka nayo amenuna.

Kisha siku moja Ferista mwenyewe akatuma video, uso umemwiva kwa aibu. Mumewe alikuwa amemnunulia simu yake, zawadi, bila kuijaribu. Mikono ilionekana kama ya mtu aliyezama kwenye uji.

"Rudisheni," Gwantwa akamwambia.

"Muuzaji anasema ikishatoka dukani hairudi."

"Rudi nayo. Simama mlangoni kwake. Usilie, usigombane, simama tu, wateja wapite wakuone."

"Akinifukuza?"

"Nitapanda basi nije, tusimame wawili."

Ferista alibadilishiwa simu Ijumaa. Habari ilipofika, Gwantwa alikuwa anapiga pasi suruali ya dereva wa lori aliyekuwa na haraka ya kuvuka mpaka. Aliitazama video mpaka mwisho, akaipeleka kwa Faudhia naye aione, kisha akamgeukia dereva aliyekuwa akinung'unika.

"Ngoja," akamwambia. "Mpaka hauhami."